Kinywa cha Bi. Turkiya

Sauti ndiyo iliyotangulia kuingia.

"Polepole basi, wee Huwaida! Wanivuta kama mbuzi wa Idi!"

Daktari Devota alikuwa ameinama akipanga vyuma vyake kwenye sinia. Sauti ile angeitambua hata angekuwa amefukiwa. Kwa miaka sita ilikuwa ikimjia akiwa anapika, akiwa anaoga, akiwa kanisani ameinamisha kichwa na watu wanadhani anasali. Akapandisha barakoa mpaka chini ya macho, akavuta kofia ya kitambaa mpaka kwenye nyusi, ndipo akageuka.

Bi. Turkiya alikuwa amesimama mlangoni mwa kliniki ile ndogo ya Mabawa. Mjane wa Mzee Humaid, mwenye maduka mjini na mashamba ya michungwa kule Maramba. Zamani mwanamke huyu akisimama mlangoni huoni nyuma yake. Sasa buibui lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Upande mmoja alishikwa na mdogo wake, Bi. Huwaida. Upande wa pili alishikwa na mwanawe.

Ammar.

Huyo Devota hakujiandaa naye. Alikuwa amenenepa kidogo, ndevu zimeanza kuingia mvi kidevuni, lakini shingo ni ile ile, na kile kitendo cha kujikuna nyuma ya sikio akiwa na wasiwasi ni kile kile. Ammar akainua uso. Macho yake yakatua kwenye macho yaliyokuwa juu ya barakoa, yakakataa kuondoka.

Alimjua. Devota aliona namna alivyomjua: pumzi ilimkwama, midomo ikafunguka. Devota akangoja. Sema, basi. Sema jina langu.

Ammar akafunga mdomo, akatazama sakafu.

Bado ni yule yule, Devota akajiambia, na hasira ikampasha mwili joto kama chai.

"Shikamoo mama," alisema kwa sauti nzito.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe Dokta Nehemia?"

"Ndiye mimi."

Nehemia ni jina la babu yake, na kliniki nzima walimwita hivyo. Katika nyumba ya Bi. Turkiya hakuna aliyewahi kujali kuuliza babu yake anaitwaje.

"Mmoja tu abaki na mgonjwa," Devota akasema. Bi. Huwaida akaondoka akinung'unika kwenda kukaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Ammar akabaki, mgongo ukutani.

"Nini kimewaleta?"

"Daktari wa moyo ndiye aliyetutuma," Ammar alijibu, akiiambia sakafu. "Mama ana homa za muda mrefu. Tumetibu malaria, tumetibu taifodi. Mwisho walipopima damu wakasema ni bakteria wa mdomoni, wamekwenda kukaa kwenye vali ya moyo, na mishipa nayo imeanza kuharibika. Wamemchoma sindano mwezi mzima, homa imeshuka. Inatakiwa apasuliwe. Lakini hawamgusi mpaka kinywa kisafishwe."

"Zile dawa alizoambiwa anywe saa moja kabla ya kuja, amekunywa?"

"Amekunywa."

"Vizuri. Mama, keti hapa. Chiku, mfunge kitambaa kifuani."

Chiku, msaidizi wake, akamfunga. Kiti kikashuka taratibu, taa ikawashwa, na Bi. Turkiya akaachama.

Devota alikuwa ameona vinywa vingi vibovu, lakini cha huyu kilikuwa cha peke yake. Fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu kama nyama ya buchani. Ugaga ulikuwa umeshikamana na meno kama chokaa iliyoganda kwenye mtungi. Magego mawili ya nyuma yalicheza alipoyagusa kwa ncha ya chuma. Harufu ikapita barakoa. Na furaha mbaya ikampanda, furaha ya kweli, mpaka akaona haya nayo kidogo. Kinywa kilichomtukana mama yake kilikuwa wazi mbele yake, na hakikuwa na la kujitetea.

"Fizi zinatoka damu, mama?"

"Damu? Hata! Mie mtu wa tambuu, mwanangu, tangu nimevunja ungo. Fizi zikiniwasha naongeza chokaa kidogo, nakunja tambuu nyingine, zatulia. Damu sijaiona mie."

"Na kopo la kutemea, nani analimwaga?"

"Huwaida huyo hapo nje. Kwani?"

"Mara ya mwisho kula tambuu lini?"

"Waniuliza kilio hicho! Tangu waliponilaza hospitali wamenikataza. Roho yanitoka."

"Suuza, uteme."

Bi. Turkiya akasukutua, akatema. Maji yalikuwa mekundu, yana nyuzi nzito nzito. Yeye mwenyewe akayatazama kwenye beseni bila kushtuka.

"Hiyo tambuu hiyo. Imenikolea, haitoki tena."

Mwezi mzima hajala tambuu, na bado anaona tambuu. Devota angeweza kusema. Neno moja tu. Hakusema.

Bi. Turkiya akajilaza vizuri. Alikuwa mtu wa mazungumzo, na kiti kile kilikuwa laini.

"Nikwambie kitu, daktari? Haya madawa nayafuata kwa kuwa mwanangu kang'ang'ania. Mie mwenyewe najua maradhi yangu. Nimerogwa."

"Na nani, mama?"

"Kuna kisichana cha Maramba huko. Mtoto wa manamba, watu wa kukata mkonge. Na bibi yake Mshambaa wa milimani, hao ndio wenye kazi zao. Kilimtaka huyu mwanangu, basi siku hiyo kanijia nyumbani na baba yake na mama yake, wamevaa viatu vya kanisani. Sinia la tambuu liko mbele yangu. Yule mama yake akachukua jani, akapaka chokaa, akatia popoo, akanikunjia, akanipa kwa mikono miwili. Ati heshima! Nikamwambia, mie sili kilichoshikwa na mikono ya mkonge, nitaoza kinywa. Nikaitupa chini."

Chuma kiligonga sinia. Chiku akamtazama bosi wake.

"Halafu?" Devota aliuliza.

"Halafu yule mama akaniangalia, hakusema kitu. Wachawi hawasemi! Akainama, akaiokota pale miguuni mwangu, akaondoka nayo. Sasa kama si uchawi, kaipeleka wapi? Tangu hapo mwili wangu si wangu. Nami sikukaa kimya, nimewatangaza. Maramba nzima wajua. Sasa hivi yule mama akipika maandazi yake yachacha, hana wa kununua!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Devota alimtazama Ammar. Alimpa muda. Alichukua kioo, akakifuta, akakirudisha. Akachukua koleo, akalifuta, akalirudisha. Ammar alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye pua.

"Mama," alisema mwishowe, "funga mdomo, daktari afanye kazi."

"Nifunge au nifungue? Hata hujui utakalo, wewe!"

Basi. Devota akavua kofia. Akavua barakoa. Akasogea mbele ya kiti, taa ikampiga usoni.

"Mama yangu hakuipeleka kwa mganga," alisema. "Aliitia kwenye mkoba kwa sababu aliona aibu kuiacha kwenye zulia lako. Mikono ya mkonge ndiyo hii, Bi. Turkiya. Umeshaiachamia."

"Yarabi!" Bi. Turkiya aliruka kama aliyekalia makaa, kitambaa kikaning'inia shingoni. "Ammar! Umenileta kwake!"

"Sikujua, mama."

"Hukujua?"

"Hakujua mkiwa njiani," Devota akasema. "Alijua mlangoni pale. Muulize kwa nini hakukwambia."

"Ni kweli, wewe? Ulimjua ukanyamaza, ukaniacha nimetanua mdomo mbele ya adui yangu?"

"Na mbele yangu ukaniacha nitukaniwe mama," Devota akaongezea.

Wanawake wawili waliochukiana miaka sita walimgeukia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza walikuwa upande mmoja. Ammar akajikuna nyuma ya sikio.

"Nitoe hapa! Ataniua huyu!"

"Sikushiki, mama. Mlango uko wazi. Siku ile hata kwenye dini hukufika. Ningekuelewa ungesema dini. Ulikomea kwenye mikono. Basi mikono yenyewe nimeshaiondoa, nenda."

Bi. Turkiya alitoka akiegemea ukuta, Ammar nyuma yake. Chiku alisimama na mrija wa kufyonzea mate mkononi.

"Dokta, unamwacha aende?"

"Kaenda mwenyewe."

"Lakini dawa ameshakunywa, na daktari wa moyo kasema..."

"Chiku. Kachemshe vyuma."

Alibaki peke yake na beseni jekundu. Hakuhitaji kufanya lolote. Hapo ndipo palikuwa na utamu wake. Hakuna sumu, hakuna tusi, hata sauti hakupandisha. Ni kukaa kimya tu, na yule mwanamke atarudi nyumbani kwake, ataitisha tambuu, na vijidudu vyake vitafanya iliyobaki. Devota akanawa mikono.

Mlango ukafunguka.

"Devota."

"Sasa umelikumbuka jina."

"Nimemkalisha kwenye benchi. Nipe dakika moja."

"Miaka sita nilikupa, hukuitaka. Dakika ya nini?"

Ammar akafunga mlango nyuma yake. Kwa karibu alinuka udi na machungwa, kama zamani, na Devota akasogea nyuma ya meza.

"Si unajua ninavyoishi?" Ammar alisema. "Kila msimu wa machungwa nakwenda Maramba. Nasimama pale darajani karibu na kwenu. Nasema leo nitabisha hodi."

"Mama yangu anakuona. Anafikiri unakagua miti."

"Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Mimi nilikuwa Dar nasoma. Ungeuliza, ungeambiwa. Lakini kuuliza kunataka mdomo." Alikuwa ameapa hataliuliza lile swali, akalisikia linatoka. "Na mke yuko wapi?"

"Sikuoa. Waliniletea Samiha, mtoto wa binamu yake mama. Nilikataa."

"Ulikataaje, nawe husemi?"

"Niliacha kula."

Kicheko kilimpanda Devota mpaka kooni, akakimeza kwa nguvu. Hakuja hapa kucheka. Alimkumbuka baba yake, moyo ukarudi kuwa mgumu.

"Njoo uone mchawi wa mama yako," alisema.

Kwenye kona palikuwa na hadubini, kuukuu, aliyoinunua kwa ajili ya wagonjwa wasioamini kupiga mswaki. Alichukua uchafu uliobaki kwenye ncha ya chuma, akaupaka kwenye kioo chembamba, akadondoshea tone la maji, akakiweka chini ya lenzi.

"Inama."

Ammar akainama. Bega lake likagusa bega la Devota. Wote wawili walijua limegusa, na hakuna aliyelitoa.

"Vinacheza!" Ammar alishtuka. "Vimejaa... vinakimbia kama viluwiluwi!"

"Hivyo vinavyorukaruka achana navyo. Vibaya zaidi ni vile vilivyotulia kimya pembeni, ambavyo mtu ukivitazama unasema hivi havina neno."

Ammar alielewa anayesemwa.

"Mdomoni mwa kila mtu vimo," Devota akaendelea. "Mwangu vimo, mwako vimo. Lakini fizi ikishakuwa kidonda, mlango umefunguka. Kila anapotafuna vinaingia kwenye damu, damu inavikokota. Vina vinyweleo, vidogo kuliko unavyoweza kuwaza, ndivyo vinavyotumia kujishika kwenye ukuta wa mshipa. Ukuta ule kwa ndani umetandikwa seli, moja kando ya nyingine, kama vigae. Kijidudu kikishajishika kwenye seli, hakivunji. Kinaibembeleza. Seli yenyewe inajikunja, inakizunguka, inakimeza. Inakiingiza ndani yenyewe."

"Halafu?"

"Halafu kinakaa. Askari wa mwili wanapita nje kwenye damu, hawakioni. Dawa inapita, haikifikii sawasawa. Kiko ndani ya nyumba na mlango umefungwa, kinakula. Ukuta unavimba, unachubuka, na pale palipochubuka wenzake wanakuja kujishika. Siku moja homa inapanda. Watu wanasema malaria. Wanasema taifodi. Wakishindwa, wanasema Devota."

Ammar akanyanyua uso kutoka kwenye hadubini. Walikuwa karibu mno. Aliitazama ile alama ndogo chini ya jicho la Devota ambayo zamani alikuwa akiigusa kwa kidole.

"Kinaingia bila kuvunja," alisema taratibu. "Halafu hakitoki."

"Usinitazame hivyo. Sikuimbii shairi, nakwambia ugonjwa." Akamshika kichwa, akamgeuzia kwenye beseni. "Angalia hapa. Nini hiyo?"

"Tambuu."

"Mama yako kala lini tambuu?"

Ammar akahesabu wiki kwa vidole, akasita. Akaliinamia beseni. Rangi ikamtoka usoni.

"Mwezi sasa," alinong'ona. "Basi hii... Na miaka yote ile? Mama mdogo alikuwa anamwaga kopo kila siku. Tulikuwa tunaona wekundu kila siku."

"Mlikuwa mnaona damu. Na yeye fizi zikiwasha anaongeza tambuu, akitema mnasema imekolea. Nyumba nzima hakuna aliyejiuliza."

"Devota, mtibu."

"Kakataa."

"Ungemwacha afe?"

"Ndiyo."

Alilisema akimtazama machoni. Kisha akaegemea meza. "Nilipomwona anatoka pale, ndiyo. Ningenyamaza, ningekula chakula changu cha mchana. Kumbe ni rahisi hivyo, Ammar. Nilikuwa najiuliza unawezaje."

Maneno hayo yalimwingia Ammar kuliko tusi. Alisimama amenywea.

"Nifanye nini?"

"Useme. Wakati mama yangu anaokota ile tambuu ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwake. Sasa hapo nje benchi limejaa watu wa Makorora na Mabawa. Ukisema jambo hapo, jua halitui kabla Maramba hawajalisikia. Waambie nani kamroga mama yako."

"Mbele ya watu? Mama atadhalilika."

"Wangu alidhalilika mbele ya watu. Hakufa."

Ammar akavuta pumzi. Akaushika mlango, akauachia, akaushika tena. Akaufungua.

Nje Bi. Huwaida alikuwa ameshika usukani wa maneno.

"Ndiye yeye! Kajificha kwenye koti jeupe! Nyie mnaongoja, shauri yenu. Kwanza meno, halafu roho!" Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kukusanya mkoba wake. Bi. Turkiya alikaa mwisho wa benchi, amefumba macho, anahema.

"Mama mdogo, nyamaza," Ammar alisema.

"Ala! Leo wewe waninyamazisha mie?"

"Ndiyo. Nyamaza." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Jamani, nisikilizeni. Huyu ni mama yangu, wengi mnamjua. Hakurogwa. Yule mama Lea wa Maramba, na mumewe Laurenti, Mungu amrehemu, na huyu binti yao, hawajatuma kitu. Maradhi yametoka kinywani kwa mama yangu mwenyewe, yakaingia kwenye damu, yakaingia mpaka moyoni. Alikuwa anatema damu, sisi tukadhani tambuu."

"Waniaibisha, Ammar!" Bi. Turkiya alifumbua macho. "Mwanangu wa kuzaa!"

"Najiaibisha mwenyewe, mama. Siku ile nilikuwepo. Nilimwona mama wa watu amepiga magoti kwenye zulia letu, nikageuza uso nikatazama dirisha. Nilijua ulichokitenda si haki. Ulipoanza kusema uchawi, nilijua ni uongo. Nilinyamaza kwa kuwa naogopa sauti yako. Hata leo naiogopa. Lakini nikinyamaza leo, nitakuzika."

Bi. Huwaida alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio; yawezekana alikuwa analifikiria lile kopo.

Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba kama embe akajikohoza.

"Bi mkubwa, yote nimesikia, na pole. Lakini kama zamu yako huitaki, nipe mie. Jino laniua."

Watu wakacheka, hata yule wa mkoba. Bi. Turkiya akamgeukia yule mzee akamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Nani kakwambia siitaki?"

Akainuka. Alikataa mkono wa Huwaida, akakataa mkono wa Ammar. Alijikokota mwenyewe, ukuta kwa ukuta, mpaka mlangoni alikosimama Devota.

"Ukiniua, damu yangu i juu yako."

"Damu yako iko kwenye beseni, mama. Keti."

Mlango ukafungwa. Ammar akabaki nje.

Devota alivaa glavu mpya mbele ya macho ya Bi. Turkiya, polepole, kidole kimoja kimoja, apate kuiona mikono. Akachoma ganzi. Akangoja mpaka mdomo ulipokufa upande mmoja, akauwekea pamba, Chiku akashika mrija. Bi. Turkiya alijaribu kusema kitu, ikatoka sauti kama ya bata.

"Hapana," Devota alisema. "Wewe umesema miaka yote. Leo nasema mimi."

Akaanza kuukwangua ugaga. Mkono wake haukukosea hata mara moja, na sauti haikupanda.

"Tulivyotoka kwako, baba yangu alikaa ndani ya gari amekalia mikono yake. Ameiweka chini ya mapaja, hivi, mpaka Maramba. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno, na njia nzima hakusema. Geuza shingo kidogo. Tangu siku hiyo mtu akimpa mkono, kwanza anaupangusa kwenye suruali. Kanisani, wakati wa kupeana amani, anapangusa. Padri mwenyewe alimwuliza, mzee una nini? Fungua zaidi. Amelala kitandani anaumwa, nimerudi likizo namlisha uji, anaificha mikono chini ya shuka mimi nisiione. Mimi mwanawe. Amekufa ameificha. Mama ndiye aliyeitoa, akamkunjia kifuani."

Koleo likalishika gego la kwanza. Likatoka kirahisi, halikuwa na kilichokuwa kinalishikilia.

"Na baada ya maziko wewe ukatuma maneno sokoni, kwamba mama ni mchawi. Mama anaamka kabla ya alfajiri, anaumua unga, anakaanga, anakaa barabarani mpaka mchana, anarudi na beseni limejaa vile vile. Tumekula maandazi nyumbani kwetu, Bi. Turkiya, mpaka kuku wakayakimbia."

Gego la pili. Chiku alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti, mrija ukamponyoka akaudaka.

Chozi lilitoka pembeni mwa jicho la Bi. Turkiya, likateremka mpaka sikioni.

"Panauma?"

Akatikisa kichwa.

"Ganzi imekolea?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi hilo si chozi la jino. Na mimi silifuti."

Hakulifuta. Aliosha vidonda, akakanda fizi, akabandika pamba safi, akakagua kila pembe ya kinywa kile kwa kioo, mara mbili, kwa uangalifu ambao hakuna mgonjwa aliyewahi kuupata kwake. Kisha akakiinua kiti.

"Utarudi Jumanne. Na Jumanne nyingine, na nyingine, mpaka niseme basi. Tambuu usiiguse, hata kwa kunusa. Kila utakapokuja utakaa hapa, utaachama, mikono ni hii hii. Ukipona, utakwenda mwenyewe kwenye soko la Maramba, utanunua andazi kwa mama yangu, utalila hapo hapo watu wakiona."

Bi. Turkiya akasema kitu ndani ya pamba.

"Unasemaje?"

Akaitoa pamba kidogo kwa kidole. "Mwepeshi," alisema kwa ulimi uliolegea. "Mkono wako. Mwepeshi."

Devota akamrudishia pamba mahali pake. "Uma hapo. Usiseme."

Alipofungua mlango, Ammar alikuwa amesimama vile vile alivyomwacha. Alimpokea mama yake, akamkabidhi kwa Bi. Huwaida, safari hii Bi. Huwaida akimshika taratibu. Ammar hakuwafuata.

"Anapona?"

"Mdomo utapona. Moyo ni kazi ya wenzangu, lakini sasa watamgusa."

"Nimesema, Devota. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mimi, basi? Nije Jumanne?"

Devota alimtazama. Aliitazama shingo ile, na mkono uliokuwa umeanza kupanda kuelekea nyuma ya sikio. Miguu ilitaka kwenda alipo. Akaizuia.

"Jumanne ni ya mama yako. Wewe utakwenda Maramba Jumapili, misa ikitoka. Peke yako, bila gari la nyumbani, bila mjomba wa kukusemea. Utabisha hodi, utamweleza mama yangu ulikuwa unatazama nini dirishani siku ile. Asipokufungua, utarudi Jumapili inayofuata. Akikufungua, usitegemee kukaribishwa kiti."

"Atanisamehe?"

"Sijui. Sijamwomba."

"Na wewe?"

Devota akavua glavu, akaitupa kwenye ndoo.

"Mama yako leo nimemaliza naye," alisema. "Wewe ndiyo kwanza naanza."